Bega la Mwalimu

Wasomaji, mnivumilie. Mwandiko wangu umelala kama mpunga uliopigwa na upepo, na herufi nyingine zinanipotea, hasa penye r na l. Nilisoma mpaka darasa la saba tu. Ukurasa mmoja unanimalizia jioni nzima. Rafiki yangu mwenye simu kubwa alitaka nimsimulie, yeye aandike. Nilikataa. Mtu mwingine angeipunguza hasira, na mimi sitaki ipunguzwe.

Ninayemwandika hapa nitamwita Mwalimu, kama anavyoitwa na kila mtu huku Bahi, hata na wazee wanaomzidi umri. Amestaafu sasa. Mwaka jana alipasuliwa bega la kulia katika hospitali kubwa ya mjini Dodoma, na mimi, fundi pancha, ndiye niliyemfanyisha mazoezi nyumbani kwake mpaka mkono ukarudi. Watu wananisifu. Hata kanisani nilisifiwa, nikainamisha kichwa nikatazama sakafu. Walidhani ni haya. Haya ninayo, lakini siku ile sikuinama kwa haya.

Nianze na viatu vyake. Huku kwetu kiangazi ni vumbi na masika ni tope jeusi la mbugani, na hakuna kiatu kinachoshinda kisafi. Cha Mwalimu kilishinda. Alikuwa na kitambaa mfukoni, na kabla ya kuingia darasani aliinama mlangoni akafuta kiatu cha kwanza, akafuta cha pili, akakikunja kitambaa, ndipo akaingia. Sisi tuliokuja pekupeku tulisimama tukimsubiri amalize. Hakuwahi kumcheka mtoto asiye na viatu. Alituambia tu tukanawe miguu bombani, na yeye akasimama pale kuangalia kama tumenawa visigino.

Alifanya kila kitu kwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliuweka mgongoni, umefumba ngumi. Aliandika ubaoni hivyo, akatembea barabarani hivyo, akasimama hivyo makaburini tukizika. Watoto tulimwigiza. Ukitaka kuwachekesha wenzako ulikunja ngumi mgongoni na kusema kwa sauti nene, "Mwandiko ni uso wa mtu asiyekuwepo." Huo ulikuwa usemi wake. Wa pili ulikuwa huu: "Kalamu haishikwi kwa mkono wa chooni."

Usemi huo wa pili ndio ulionikuta mimi.

Nilizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Nyumbani hakuna aliyejali sana, isipokuwa wakati wa kula, maana ugali huliwa kwa kulia na hilo nililikubali. Kuchunga, kurusha jiwe, kukata fito, vyote nilifanya kwa kushoto, na baba alisema ng'ombe hawaangalii mkono. Siku ya kwanza darasani nilichukua penseli kwa mkono niliouzoea. Mwalimu alikuja akasimama juu yangu. Nilitegemea fimbo. Sikupigwa. Alitoa mfukoni utepe wa mpira, ule wa tyubu ya baiskeli, akanifunga kifundo cha mkono wa kushoto kwenye mguu wa dawati. Alifunga kwa upole. Akaingiza kidole chake katikati ya mpira na ngozi yangu kuhakikisha damu inapita. Kisha akanishikisha penseli kwenye mkono wa kulia na kusema, "Nakusaidia, mwanangu. Baadaye utanishukuru."

Nimefikiri sana kuhusu kile kidole. Angenipiga ningemchukia yakaisha. Lakini alinifunga kama mtu anayefunga kidonda, tena kila siku, mpaka nilipofika darasa la tatu na mkono wenyewe ukajua kukaa chini bila mpira.

Wenzangu waliniita Mbuzi wa Kamba. Nilipoitwa ubaoni nilichukua chaki kwa kulia, herufi zikatoka zimepinda, darasa likacheka, na Mwalimu akasema, "Kimya. Anajifunza." Nikaacha kunyoosha kidole hata kwa majibu niliyoyajua, maana anayejibu anaitwa kuandika. Kunyamaza kukawa tabia. Mtihani wa darasa la saba nilijua maswali mengi, nawaambia ukweli, lakini mkono haukuwahi kuwa na kasi. Karatasi zilikusanywa nikiwa bado katikati ya insha. Majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa, langu halikuwepo. Mwalimu alimwambia baba, "Mtoto ana akili ila mzito." Baba akakubali. Nani angembishia Mwalimu?

Sasa nisipowaambia upande wa pili nitakuwa mwongo. Bila Mwalimu nisingesoma kabisa. Baba alitaka nichunge. Wiki nzima ilipita sijaonekana darasani, na asubuhi moja Mwalimu akatokea zizini kwetu, viatu vimeshafutwa, mkono mgongoni.

"Mbukwenyi," alisalimia kwa Kigogo, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Nimemfuata mtoto."

"Mwalimu, ng'ombe hawajui Jumatatu," baba alisema.

"Na mimi siwajui ng'ombe. Namjua huyu."

"Nani atachunga?"

"Hilo ni lako. Mimi sina swali la ng'ombe."

Mama akaleta maziwa. Mwalimu akayapokea, akayaweka chini, akasema atayanywa mtoto akishavaa shati. Jua likapanda. Baba akajifanya kurekebisha mlango wa zizi. Mwalimu akawa amekaa tu juu ya gogo, maziwa yanaganda. Mwishowe baba akacheka kwa hasira na kuniambia, "Vaa shati, huyu mtu atahamia hapa." Mwalimu akanywa maziwa yale yaliyoganda mpaka tone la mwisho, akashukuru, tukaondoka.

Alifanya hivyo kwa watoto wengi. Waulize madereva wa bodaboda pale kwenye kijiwe changu, kila mmoja atakusimulia alivyofuatwa. Ndiyo maana ukisema neno baya juu yake wanakutazama kama umetukana mvua.

Alipenda kusalimia kwa mkono. Mkubwa, mdogo, mlevi, mwenda wazimu wa sokoni, wote aliwapa mkono wa kulia, akautingisha kidogo, akauliza habari za mgonjwa wa nyumbani kwako kwa jina. Na mkono huo ndio uliomponza baada ya upasuaji.

Alikuwa ameanguka na baiskeli kwenye tuta la majaruba ya mpunga, akaangukia bega. Kano zikakatika ndani, zile zinazoshika mkono usining'inie. Mjini wakamshona, wakamrudisha na kitambaa cha kuuning'iniza mkono shingoni, na amri moja: mkono ukae tumboni, usinyanyue hata kikombe. Lakini watu walikuja kumpa pole. Mtu akipiga hodi, Mwalimu alisimama, akauchomoa mkono kwenye kitambaa, akampa.

Mke wake, ambaye sote tunamwita Mama Mwalimu, alimsihi. "Wape kushoto, Baba. Wanaona umefungwa, wataelewa."

"Nimpe mtu mzima mkono wa kushoto, ndani ya nyumba yangu? Bora nimfukuze."

Pole ni nyingi huku kwetu. Walikuja wa kanisani, wa majaruba, wanafunzi wa zamani. Kisha akaja mdogo wake kutoka Kibaigwa, dalali wa mahindi, mtu wa kelele na mwili mkubwa. Dalali hajui kushika mkono kidogo. Aliushika kama anayefunga bei ya lori zima, akautingisha huku akisema, "Kaka, umepona wewe, umepona." Mama Mwalimu aliniambia kwamba Mwalimu hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, jasho likamtoka, akasema, "Karibu chai."

Uzi mmoja ulikuwa umeachia. Hawakumpasua tena, ila walimrudisha mwanzo kabisa, mkono tumboni, mazoezi yasubiri. Tangu hapo Mama Mwalimu aliweka kiti chake mlangoni na kumwambia kila aliyekuja, "Pole mpeni kwa mdomo."

Mimi sikwenda kumpa pole. Nilisikia habari nikaendelea kuziba pancha.

Nilikwenda kwa sababu ya mpira. Wakati wa mazoezi ulipofika, dada wa mazoezi ya viungo hospitalini alimpa utepe wa mpira wa njano, laini, mrefu, wa kufunga dirishani na kuvuta. Mwalimu akaufunga kwenye nondo yenye kutu, ukakatika siku chache tu. Mama Mwalimu akaja kijiweni kwangu amekishika kipande mkononi.

"Mwanangu, una kitu kama hiki?"

Nilimwonyesha tyubu kuukuu zilizotundikwa. Nikachagua ya baiskeli iliyochoka, nikakata utepe mwembamba. Yeye akasema, "Njoo uufunge wewe. Na ukae kidogo umsimamie. Mimi hanisikii. Mwanafunzi wake atamwonea aibu."

Madereva wa bodaboda wakaanza hapo hapo. "Fundi kawa daktari." "Daktari wa bega, kesho nina goti." Niliinuka nikamfuata mama yule kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kukaa pale wakiendelea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye yule mzito," alisema. Bila ubaya. Kama anayekumbuka rangi ya shati.

Nikaufunga utepe dirishani, usawa wa kiwiko. Mazoezi yenyewe ni rahisi kuyaeleza. Unasimama ubavu kwa dirisha, kiwiko kimekunjwa na kubanwa mbavuni, na chini ya kiwiko unaweka taulo lililokunjwa. Taulo likianguka umekosea. Unavuta mkono nje kama anayefungua mlango, kisha unaurudisha polepole kuliko ulivyovuta. Siku niliyomsindikiza mjini, dada wa mazoezi aliuvuta utepe wangu akasema mpira ni mpira, ilimradi asivute kwa kushtua, na kwamba kurudi ndiko kunakojenga.

Mwalimu hakuweza kurudi polepole. Kuvuta alivuta, uso umekaza, halafu mpira ukamrudisha puu, taulo likaanguka. Kazi yangu ilikuwa kuliokota na kusema, "Polepole, Mwalimu." Mimi ambaye sisemi. Nilisema maneno hayo jioni baada ya jioni mpaka nikayaota.

"Polepole, Mwalimu."

"Nimesikia."

"Taulo, Mwalimu."

"Naliona. Sijapofuka."

Bega lilikuwa limekauka kama bawaba yenye kutu. Lilimuuma kiasi cha machozi, na machozi yalipotoka alitazama nje kwa dirisha na kuzungumzia mvua. Sitaficha: kuna siku nilifurahi. Nilikuwa nimesimama pale na mpira uleule wa tyubu, safari hii mkono uliofungwa si wangu.

Lakini nilimfanyisha sawasawa. Alipouzoea utepe mwembamba nilimkatia mpana zaidi, na baadaye wa tyubu ya pikipiki, ambao ni mgumu. Mkono ukaanza kufika kifuani. Mama Mwalimu akawa ananikaribisha chakula.

Hapo ndipo nilipoona nilichokiona. Mwalimu hakula nasi. Sahani yake ilipelekwa chumbani, na mimi nilidhani ni kwa sababu analishwa na mkewe na anaona aibu. Jioni moja Mama Mwalimu alikuwa jikoni, upepo ukalisogeza pazia, nikamwona. Alikuwa amekaa peke yake anakula ugali wa uwele na mlenda kwa mkono wa kushoto.

Anayejua mlenda anajua. Mlenda unateleza, unavutika, unahitaji kuuzungusha kwenye tonge na kuukata kwa kidole kabla haujafika kidevuni. Mtu aliyebadili mkono juzi atachafuka mpaka kifuani. Mwalimu alimega, akabonyeza, akachovya, akazungusha, akakata. Hakuna tone lililoanguka. Mkono ule ulikuwa unajua. Ulikuwa unajua tangu zamani, tangu kabla ya ualimu, na ukabaki umefumbwa ngumi mgongoni miaka yote ile.

Alikuwa kama mimi. Alizaliwa kama mimi.

Labda ninyi mnaosoma mnamwonea huruma sasa, kwamba naye alifungwa na mtu. Najua kuna aliyemfunga. Lakini mimi nilikaa kwenye mkeka ule nikaisukuma sahani pembeni. Kama asingejua, ningesema hakujua. Yeye alijua inavyokuwa mkono ukilala ganzi chini ya dawati, akajua kichwa kinavyojaa majibu yasiyopata pa kutokea, na bado akaweka utepe mfukoni pamoja na kitambaa cha viatu.

Nyumbani mle alikuwemo mjukuu, Sechelela, aliyeanza darasa la kwanza mwaka uleule. Mtoto wa maneno. Alikaa mkekani na daftari lake tukifanya mazoezi na kumcheka babu yake.

"Babu, kaka amesema polepole."

"Andika wewe."

"Naandika. Wewe taulo limeanguka."

Aliandika kwa kushoto, haraka, ulimi umetoka pembeni. Mwalimu alikuwa anamtazama. Mimi nilikuwa namtazama Mwalimu. Kadiri bega lilivyolainika, ndivyo mwili wangu ulivyojua kitu ambacho sikutaka kukijua: huo mkono ninaourudisha, ukirudi, utafanya nini?

Nilipata jibu. Nilifika jioni moja nikamkuta Sechelela mkekani hasemi. Mkono wa kushoto ulikuwa mgongoni, umefungwa kiunoni kwa utepe mweusi. Utepe wangu. Ule wa kwanza, mwembamba, wenye kiraka chekundu nilichokibandika mwenyewe wakati tyubu ile ilikuwa bado kwenye baiskeli. Alikuwa ameshika penseli kwa kulia na ukurasa mzima una herufi moja, imepinda.

"Karibu," Mwalimu alisema. "Leo mpira wa pikipiki unaniita."

Nilipiga magoti nyuma ya mtoto nikafungua fundo. Fundo lilifungwa vizuri, lenye nafasi ya kidole.

"Acha," Mwalimu alisema. "Namsaidia. Kama nilivyokusaidia wewe."

Nilikuwa na mengi ya kusema, na yote yalikwama palepale yanapokwamaga. Nilisema, "Mpira huu ni wa bega." Nikaufungua na ule wa dirishani, nikaikunja yote mfukoni, nikatoka. Nyuma yangu nilisikia, "Rudisha mpira." Sauti ileile ya darasani. Miguu yangu ilitaka kutii, nawaambia. Ilinibidi niilazimishe iende.

Sikurudi kesho yake, wala kesho kutwa. Madereva waliuliza, "Daktari, mgonjwa kapona?" Nikaendelea kupiga pampu, wakaacha. Kisha Mama Mwalimu akaja. Hakuketi kwenye benchi.

"Bega linaganda," alisema. "Jana alishindwa kushika kitasa."

"Mtoto anafungwa?"

Alitazama barabarani. "Anatumia kamba ya gunia."

"Mama, wewe unaona?"

"Naona, mwanangu."

"Basi mwambie asimfunge, nitakuja."

"Mwambie mwenyewe," alisema. "Mimi nimemwambia tangu mama yake mtoto alipokuwa mdogo." Akaondoka. Hasira yangu kwake ni ndogo, lakini ipo.

Nilifunga kijiwe mapema. Njiani nilijisemea maneno kama mtoto anayekwenda kusema ahadi kanisani. Nilimkuta amesimama dirishani, mkono umekaa tumboni tena kama mwanzo, na Sechelela yuko mkekani na kamba yake ya gunia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeleta mpira?"

"Nimeleta. Mfungue mtoto kwanza."

Alinigeukia. "Unasemaje?"

"Mfungue mtoto, Mwalimu, ndiyo tuvute. Leo na siku zote. Nikimkuta amefungwa, siji tena, na hakuna mwingine atakayekuja kukuokotea taulo."

"Unaniwekea masharti. Mimi niliyekutoa zizini."

"Ndiyo, Mwalimu. Ulinitoa zizini ukanifunga kwenye dawati."

Sechelela hakuinua kichwa. Mwalimu aliuma meno, nikaona misuli ya shavu.

"Mtoto atachekwa," alisema mwishowe. "Ukubwani atachekwa mezani, atachekwa ofisini. Hujui wewe."

"Najua. Na wewe unajua. Nilikuona unakula mlenda."

Sikuwa nimepanga kulisema hilo. Lilitoka. Mwalimu akawa wa kijivu usoni. Mkono wa kushoto, uliokuwa mgongoni, ukashuka ubavuni, ukafumbuka, ukafumba tena. Nilisubiri aseme neno. Lolote. Hata angenitukana ningelipokea. Akasema, "Sechelela, njoo." Akamfungua kamba, kwa kushoto, maana wa kulia haukufika. Kisha akasogea dirishani, akakibana kiwiko mbavuni, akanisubiri.

Nikafunga mpira. Nikaweka taulo. "Polepole, Mwalimu."

Mazoezi yaliendelea mpaka mpunga ukavunwa. Sikumkuta tena mtoto amefungwa. Jambo lile halikuzungumzwa. Tulizungumza taulo, kiwiko, mvua. Siku aliyoweza kuinua kikombe mpaka mdomoni Mama Mwalimu alipiga vigelegele, na mimi nikakusanya tyubu zangu nikarudi kijiweni. Alinipa mkono wa kulia. Ulikuwa na nguvu. Akasema, "Mungu akubariki, kijana wangu," na hapo ndipo sifa zilipoanza kutembea mji mzima.

Mara ya mwisho kukutana naye ni mwezi huu. Alifika kijiweni asubuhi, viatu vinang'aa, akaniambia, "Funga hapa, twende shuleni." Nikafunga. Mwili wangu bado unamtii kabla sijaulizwa.

Mwalimu wa darasa la Sechelela ni dada kijana, naye alifundishwa na Mwalimu huyuhuyu, madarasa machache nyuma yangu. Alikuwa amemrudisha mtoto nyumbani mpaka aje na mzazi, kwa kosa la kukataa kubadili mkono. Tulimkuta chini ya upenu wa darasa. Akapiga goti kidogo, akatoa shikamoo, akaona haya kwamba aliyeitwa ni Mwalimu mwenyewe.

"Samahani, Mwalimu. Sikujua ni mjukuu wako. Ni suala la mkono tu. Namkataza hasikii."

"Mwache aandike anavyoandika."

Dada yule akacheka kidogo, akidhani anapimwa. "Lakini Mwalimu, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha hivyo. Mbona yule," na akanitazama mimi, akaacha.

"Basi leo nakufundisha tofauti," Mwalimu alisema.

Ikaisha. Dada akasema sawa, Mwalimu. Sechelela akaingia darasani anakimbia. Hakuna dari iliyoanguka. Sentensi ilikuwa fupi vile, nyepesi vile, mtu anaisema amesimama bila hata kuvuta pumzi mara mbili, na ilikuwa ndani yake muda wote. Alikuwa nayo siku ile alipotoa utepe mfukoni. Alikuwa nayo majina yalipobandikwa, akamwambia baba yangu kwamba mimi ni mzito. Ninyi mngefurahi kwa ajili ya mtoto, na mimi nilifurahi, lakini furaha ile ilikuwa imelala juu ya hasira ambayo sikuwahi kuijua ukubwa wake mpaka pale upenuni.

Tulitembea mpaka barabarani. Nilijilazimisha.

"Na mimi, Mwalimu?"

Alielewa. Nina hakika alielewa, maana alisimama. Alinitazama muda mrefu, macho yakaniteremka mpaka mkono wangu wa kushoto wenye grisi, yakabaki pale.

"Wewe umeshakuwa mtu mzima," alisema.

Bodaboda ikatokea kona ya mnadani. Akainua mkono wa kulia kuisimamisha. Ulipanda wote, ukanyooka juu ya kofia, bila kutetemeka, kama mkono ambao haujawahi kuumia. Dereva akasimama akamwamkia. Mwalimu akapanda, akaondoka.

Wasomaji, huku kwetu sina wa kumuuliza, maana wote ni wanafunzi wake. Niandikieni. Msiniandikie kwamba nimsamehe, hilo nimeshaambiwa. Niandikieni kama yupo kati yenu aliyewahi kumdai mzee wake neno moja tu, akalipata kabla mzee hajafa, na mnieleze alilidai vipi. Andikeni kwa herufi kubwa kidogo. Nitasoma polepole, na nitajibu.